Namba Aliyoiacha Phinées

Kahongya wa mtaa wetu hapa Beni anachaji betri za baiskeli za umeme, na ukimkuta amekaa kando ya mashine yake utadhani anauguza mgonjwa. Mimi nauza mkaa mlango wa pili. Nilimcheka sana kwa hilo, kisha siku moja nikaacha kucheka.

Mashine yenyewe ni kisanduku chenye kioo kidogo, vitufe viwili na feni ya kupoza. Si kama chaja ya simu, unachomeka unakwenda zako. Hii unaipangia mipaka miwili: volti ni betri ijae mpaka wapi, ampea ni ijae kwa kasi gani. Na ukishaipangia, haisahau. Mvua inyeshe wiki nzima, paneli za jua zisitoe kitu, siku utakapoiwasha tena itakuonyesha namba zilezile za aliyeigusa mwisho.

Aliyeigusa mwisho alikuwa Phinées, mumewe.

Betri zao hujaa kabisa zikifika volti 54.6. Phinées aliweka 53.3, na ampea tatu. "Batri ni sawa tumbo," alikuwa akisema. "Ukiijaza sana kila siku, inazeeka mbiyo." Na alisema kweli, maana betri zake zilidumu kuliko za wengine wote. Feni iliponyamaza, yeye popote alipokuwa uani aliita, "Imetosha!" Hata mimi niliizoea sauti hiyo kupitia ukutani.

Miaka miwili iliyopita alipanda kwenda Butembo kuchukua vipuri vya simu. Barabara ile ukitoka kwetu ina vilima vya kumtoa mtu roho, na kila mtu anajua si ya kukutwa na giza, kwa ajili ya wenye bunduki. Jioni akapiga simu: "Batri imeisha. Niko nasukuma kinga, nimebakisha mulima moya." Hatukumsikia tena. Hakuonekana yeye wala hiyo kinga, baiskeli yake.

Ukoo ulikuja kukaa matanga. Kahongya akawafukuza pamoja na mikeka yao. "Munalia mutu gani? Maiti iko wapi?" Basi matanga hayakukaliwa. Akaendelea kuchaji betri za watu kwa namba ileile, na ole wake aliyenyoosha kidole karibu na vitufe. Wateja hawakujali, wao wanazunguka mjini tu, ile sehemu ndogo isiyojaa hakuna aliyewahi kuihitaji. Lakini kila feni iliponyamaza, nilimwona akiinua kichwa kuelekea uani, anasikiliza. Nyumba ile ilikuwa na mtu.

Mwaka huu binti yao Bénite, muuguzi, akapata kazi Butembo. Alinunua baiskeli kama ya baba yake, betri ya aina ileile. Jumapili baada ya Misa aliileta kwa mama yake ichajiwe, nami nilikuwepo, maana kwa Kahongya huwa nakosa sababu ya kuondoka.

"Mama, pandisha volti mpaka mwisho. Kesho niko napanda Butembo."

"Hii njo papa yako aliweka. Haiguswe."

"Aliiweka juu ya kutembea hapa muji. Siku ya kupanda mulima alisahau kuipandisha. Donc unataka na mimi nisukume kinga pale alisukumia?"

"Papa yako hakusahau kintu! Panda gari."

"Na kule nitatembelea bamama benye kuzaa namna gani? Kwa miguu?" Bénite akamsogelea mama yake. "Mama, ile namba ni ya mutu mwenye hayiko tena. Mimi ningali niko."

Kahongya akanigeukia. Nilikuwa naogopa, nasema wazi, kana kwamba tunataka kumtoa mtu kitandani.

Akabonyeza. Volti zikapanda mpaka 54.6. Bénite akataka na ampea ziongezwe, betri ijae kabla jua halijashuka, mama yake akampiga mkono. "Ampère, hapana! Tatu njo batri inavumilia." Kisha akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na namba ya Phinées ikafutika.

Tulikaa tukingoja. Kioo kilipofika 53.3, sote watatu tulitazama uani. Feni haikunyamaza. Hakuna aliyeita.

"Bado, Phinées," Kahongya akasema polepole.

Kesho yake hakupika, hakupokea mteja. Alikaa na simu mapajani, nami nikaacha mkaa wangu nikakaa naye. Mwishowe ikalia. Aliweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mama, nimefika! Mulima wa mwisho nimeupanda wote. Batri imeishia hapa hapa pa mulango. Ingekuwa ile namba ya Papa, ingeniacha pale pale."

"Wasingya, mwanangu," akamwambia asante kwa lugha ya kwetu, kisha akamshukuru Mungu, akakata simu. Mimi nilikuwa tayari nimeanza kupiga vigelegele.

Ndipo akalia. Kilio kile sijawahi kukisikia, kilitoka chini kabisa, akaanguka juu ya mashine akiikumbatia. Majirani walikuja mbio wakiwa na mikeka, wakidhani Bénite ameuawa njiani. Mmoja akanishika bega: "Ni Bénite?"

Kahongya akainua uso.

"Ni Phinées," akasema. "Phinées amekufa. Kile kidogo kingemufikisha."

Hakuna aliyemkumbusha kwamba ni miaka miwili. Wanawake walitandika mikeka, mimi nikaenda kuwasha mkaa wa matanga, na mtu mmoja akainama akaizima ile mashine.