Vitufe Alivyovipanga Binti Yake

Kwa miaka thelathini na miwili yule mchoraji wa ramani za nyumba alifanya kazi kwa penseli na rula ndefu, hata wateja wakambandika jina la Rula, naye akaliitikia. Kompyuta ilipoingia ofisini mwake, chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, aliiona kama mgeni asiyebisha hodi. Binti yake wa pekee ndiye aliyewapatanisha.

Kila Jumamosi binti alikaa kando yake akivivuta vitufe vya upau wa zana, ule mstari wa alama ulio juu ya skrini, akavipanga kwa mfuatano ambao baba yake huufuata akiijenga nyumba kichwani: msingi, ukuta, mlango, dirisha, paa. Kitufe cha kufuta akakitupa pembeni kabisa.

"Mbona mbali hivyo, mama?"

"Baba, wewe unafuta kuliko unavyochora. Acha mkono utembee kidogo."

Walicheka mpaka mwenye duka la vioo akagonga ukuta.

Binti huyo alifariki mwaka jana, kwa homa ya siku tisa. Nguo zake mama yake aliwagawia ndugu. Upau ukabaki, na kila asubuhi mkono wa Rula ulikwenda wenyewe pale binti alipotaka uende.

Mwezi uliopita programu ikaanza kusumbua. Ikifunguka hudumu dakika moja, kisha huzimika; na ramani ya zahanati ilikuwa inangojewa. Fundi wa kompyuta, mwanamke mcheshi, aliipekua hadi adhuhuri.

"Kaka Rula, tatizo ni faili la huu upau wako. Limeharibika. Turudishe vitufe vilivyokuja na programu, utafanya kazi leo hii hii."

"Na hivi vyangu?"

"Vitafutika. Lakini nimevipiga picha kwa simu, nakutumia. Utavipanga upya, nusu saa tu. Usiniangalie hivyo, sijaua mtu!"

Rula akamweleza ni nani aliyevipanga. Fundi akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Nisamehe, kaka. Basi bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza tena, na mstari mwingine wa alama ukajipanga juu ya skrini, nadhifu, usiomjua.

Alasiri mkewe alimkuta ameweka picha ile mbele yake. Alikuwa amekwisha kuvuta kitufe cha msingi na cha ukuta, kisha amekwama hapo.

"Malizia basi, mume wangu. Si vyote unaviona?"

"Nikivipanga mimi, nitavizoea. Na nikivizoea, nitasahau kwamba hivi si vyake."

Mkewe akavuta kiti, akaketi. Rula akavirudisha vile viwili vilikotoka, akaifungua ramani ya zahanati, akaanza kuutafuta mlango, kitufe baada ya kitufe, akiyasoma majina kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza.