Muhuri wa Mwalimu Uryu

Mwalimu Uryu Kazue hajui kutulia. Hata akisahihisha madaftari husimama, akizunguka meza kana kwamba kuna mtu anamwita nje. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka sita sasa anawafundisha watoto wa darasa la sita jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa: kulihoji kila wanalolisoma mtandaoni. Nani kasema kwanza? Lini? Picha imetoka wapi? Watoto huyaimba maswali hayo hadi chooni.

Oktoba ile mtu alisambaza kwenye simu zetu picha ya maji ya kijani yenye povu. Akaandika kwamba ni chemchemi yetu, ile ishukayo kutoka Mlima Chokai, na kwamba wanaokunywa maji yake wanaharisha. Mzee Katagiri, mwenyekiti wa mtaa, mtu mwema lakini mwoga, akaichapa picha pamoja na maneno yake na kuitia kwenye jalada la mtaa. Jalada hilo hupita nyumba hadi nyumba. Kila mwenye nyumba hugonga muhuri wa jina lake kwenye karatasi ya mbele, akalipeleka kwa jirani. Kusoma? Nani asome tangazo la taka na ratiba ya kufyeka nyasi? Tunagonga, tunalitundika kwenye mlango wa jirani, tunawahi kazini. Nyumba ya kwanza kwenye orodha ni ya Uryu.

Aliyeumia ni Bi Hoshikawa Tami, mjane anayetengeneza tofu, ile jibini laini ya soya, kwa maji ya chemchemi hiyo. Jumanne vipande vyake vyeupe vilikuwa bado vinaelea kwenye beseni jioni. Akasema wiki ikiisha hivi, Jumamosi hawashi jiko tena, na mashine ya kusagia soya ataiuza.

Habari hiyo ilimfikia Uryu Jumatano asubuhi. Akaingia darasani akitweta.

"Toeni vishikwambi. Itafuteni picha hii."

Haikupita robo saa. Chinami, binti wa fundi wa mapaa, mtoto asiyejua kufunga mdomo, akaruka kitini.

"Mwalimu, nimeipata! Ni bwawa la samaki huko Kyushu, kusini kabisa mwa Japani. Miaka kumi na moja iliyopita!"

"Safi sana."

"Sasa mbona bibi yangu kagoma kununua tofu?"

"Kwa sababu hakuuliza maswali yetu."

"Nilimuuliza mimi! Nikamwambia, bibi, nani kasema? Akanionyesha jalada. Akaniambia, nyamaza wewe, muhuri wa kwanza hapa ni wa mwalimu wako."

Darasa likaangua kicheko, kisha kikakatika ghafla. Uryu aliikumbuka Jumatatu asubuhi: begi begani, mkate mdomoni, muhuri mkononi. Hakuwa amefunua hata ukurasa mmoja.

"Kwani ulilisoma, Mwalimu?" Chinami aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Sikulisoma. Niligonga tu."

"Aaa, Mwalimu!"

Saa ya chakula aliwapigia wapimaji wa maji wa wilaya. Walikuwa wamepima wiki ileile. Maji ni salama. Jioni akawa mlangoni kwa Katagiri.

"Nipe jalada, Mzee. Nalizungusha upya."

"Limeshazunguka, Mwalimu. Tutasahihisha mwezi ujao."

"Zimebaki siku tatu kufika Jumamosi."

"Utaniaibisha."

"Jina langu liko juu ya lako. Aibu inaanza kwangu."

Nyumba ni kumi na tisa. Jumatano hiyo na Alhamisi alizunguka zote, na hakukubali hata kikombe cha chai. Kila mlango alisema maneno yaleyale: niligonga bila kusoma, picha ni ya Kyushu, maji yamepimwa. Wengine waliinama kwa adabu wakafunga mlango haraka. Bibi yake Chinami alimngoja kizingitini, mikono kiunoni.

"Na haya ya leo umeyasoma, au umeyabeba tu?"

"Nimeyasoma, Mama. Tazama hapa kwenye simu."

"Simu hizohizo ndizo zilizoleta balaa."

Uryu akairudisha simu mfukoni.

"Basi nitajie mtu mmoja aliyeharisha. Mmoja tu, kwa jina."

Bibi akafikiri. "Kijana wa Ogata."

"Kwa maji?"

"Hapana... yule alikula chaza waliolala." Akajikuna shingo. "Hebu toka mlangoni, unaingiza baridi. Kesho nitanunua kipande kimoja. Kimoja!"

Ijumaa alasiri Uryu alikwenda dukani kwa Bi Hoshikawa, akainama mpaka nywele zikamfunika uso.

"Umekuja kuomba radhi au kununua?"

"Yote mawili."

"Anza na kununua."

Ilikuwa saa ya kuloweka soya. Isipolowekwa Ijumaa, Jumamosi hakuna tofu. Bi Hoshikawa alisimama mbele ya pipa, kikombe cha kupimia mkononi, na Uryu akazungukazunguka kati ya mlango na meza mpaka akaambiwa asimame, anatia kizunguzungu.

"Nyumba ngapi zimekubali kununua tena?"

"Kumi na tatu."

Bi Hoshikawa akamimina soya mpaka nusu ya pipa. Akafunika. Kisha akafunua, akaongeza kikombe kimoja.

"Hicho ni cha nani?"

"Cha wale sita. Wakikataa, utakula wewe."

Uryu alikuwa ameshavaa viatu, mbio kwa wale sita. Kwa haraka yake aliisahau juu ya meza tofu aliyoinunua.