Kafi Lililolala Juu ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekwa nyuma ya mgongo wa Asumani, na kwa mwezi mzima sikuona kitu kingine cha mto Lualaba ila mgongo huo. Nilikuwa nimekwisha kuoa, nina nguvu za kubeba gogo peke yangu, na nilijiona mwanamume kamili. Nahodha wetu, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alinitazama mikono, akanitazama miguu, kisha akanionyesha nafasi yangu kwa kidevu.

"Simama kule ku kiuno," aliniambia. "Ngoma usisikilize. Mie usiniangalie. Angalia bega ya ule muntu. Likienda, unaenda. Likinyamaza, unanyamaza."

Niliona amenidharau. Nilitaka kusimama mbele, mahali pa kuonekana.

Lazima niwaeleze ninyi vijana, maana mtumbwi wa siku zile si huu wenu wa kuvushia mihogo. Ulichongwa kwa mti mmoja, ukabeba wapiga kafi thelathini, kumi na watano kila ubavu, wote wamesimama. Kafi lilikuwa refu kuliko mtu, na bapa lake, yaani ule upana unaoingia majini, lilichongwa mfano wa jani. Mbele ya mtumbwi tuliita omo, na nyuma tezi, ambako nahodha aliongoza njia. Ngoma ilikaa karibu na omo. Watu wa mbele waliisikia vizuri. Watu wa tezi, upepo ukivuma, hawakusikia kitu. Walichukua mwendo kwa macho, kutoka kwa watu wa kiuno, yaani wa katikati. Kwa hiyo kiuno kikikosea, mtumbwi mmoja unakuwa mitumbwi miwili inayovutana.

Kiuno kilikuwa na kazi nyingine, na hii ndiyo iliyoleta maneno yote. Mtumbwi ukigeuka kuingia bandarini, mkondo unaupiga ubavuni na gogo linataka kulala upande mmoja. Hapo mtu mmoja wa upande huo anaacha kupiga. Analaza bapa la kafi juu ya maji, analiegemea kwa uzito wake wote, na kuushikilia mtumbwi usilale mpaka umalize kugeuka. Mabega yake yanatetemeka kwa nguvu. Lakini ukiwa ufukweni unaona nini? Unaona watu ishirini na tisa wanachimba maji kama wendawazimu, na mmoja amelaza kafi lake anapumzika.

Mtu huyo alikuwa Asumani. Na kwa bahati yake mbaya, alilaza kafi mahali palepale ambapo mji wetu wote wa Kindu ulikuwa umesimama kututazama.

Tulikuwa na desturi ya kugonga. Mtumbwi ukishafika, kila mtu kwa zamu yake aligonga ubavu wa mtumbwi mara tatu kwa mpini wa kafi, na watu wa bandari wakaitikia kwa kumwita jina lake la sifa. Feruzi, aliyesimama omoni na mkia wa fungo kiunoni, alikuwa akirusha kafi lake juu na kulidaka, na alipogonga hata kuku walikimbia kwa kelele. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alipiga kafi vizuri na alipenda kupendwa, kama sisi sote. Zamu ya Asumani ilipofika, aligonga mara mbili kwa nguvu na ya tatu taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa. Hakuna aliyemwita jina. Wengine walicheka.

Ubishi ulianza hapo na ukaendelea hata baada ya mizigo kushuka. Fundi wa kanzu, ambaye hakuwahi kulowa juu ya magoti, ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote.

"Ule iko anakuja kutembea," alisema. "Wenzake wanatoka jasho, yeye anapangusa maji."

"Na weye unaona nini kwa hiyo sindano yako?" alimjibu Mama Sikujua, muuza vyungu, ambaye meza yake ilikuwa karibu na maji kuliko zote. "Mie siangalie watu. Naangaliaka mutumbwi. Ule muntu akilaza kafi, mutumbwi unatulia."

"Feruzi njo mutumbwi yenyewe, Mama! Ni yeye tu!"

"Basi siku moja mumutie Feruzi peke yake, tuone kama atafika."

Walibishana hivyo kwa miaka, msimu wa mvua na wa kiangazi. Asumani aliwapita na kafi lake begani, akawasalimu, akaenda nyumbani kwake mtaa wa Mikelenge. Mimi nilimfuata nyuma, nikamwita yaya, yaani kaka, maana alikuwa mkubwa wangu, na nilikula kwake mara nyingi kuliko kwangu. Katika mwezi ule wa kwanza nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi bega lake lilivyotetemeka. Niliwahi kumwuliza kwa nini hajitetei.

"Mudogo wangu, mutumbwi umefika?" aliniuliza.

"Umefika, yaya."

"Basi."

Baadaye nilihamishiwa mitumbwi ya mizigo iliyoteremka hadi karibu na maporomoko, chini ya nahodha wa Kigenia, yaani wa Wagenia, watu ambao mto ni wao tangu mababu. Tulibeba pembe, chumvi na mpunga. Tulibeba pia watu ambao hawakutaka safari ile, na hilo sitalipamba. Nililiona, na nilipiga kafi. Nahodha yule wa Kigenia alikuwa mkali, hakusifu mtu. Lakini siku moja, tukila samaki, aliniuliza:

"Kule Kindu muko na muntu mumoja wa kulaza kafi. Tunamuonaka tukipita. Jina lake nani?"

"Asumani."

"Angekuwa wetu, tungemutilia ngoma peke yake."

Nilifurahi kana kwamba ni mimi niliyesifiwa. Niliyahifadhi maneno hayo nimpelekee. Niliporudi Kindu, hata hivyo, nilirudi nikiwa nyampara, yaani msimamizi wa wapiga kafi, mwenye kuchagua nani asimame wapi, na mambo ya ukubwa yakanisahaulisha. Sikumwambia.

Mwaka ule ule, ilipokaribia sikukuu ya kumaliza Mfungo, palitangazwa mashindano kati ya mtumbwi wetu na wa watu wa mdomo wa mto Kasuku, kuzunguka kisiwa na kurudi bandarini. Mwenye mtumbwi alikuwa mfanyabiashara kutoka pwani, tuliyemwita Mwinyi. Aliniita barazani kwake.

"Nyampara, yule wa kiunoni, mbona hafanyi kazi?"

Nilinyoosha mkunjo wa kanzu yangu.

"Watu wananicheka. Wanasema Mwinyi analisha mtu wa kulala. Mtumbwi nimekupa wewe, lakini aibu itakuwa yangu. Nataka wote thelathini waonekane wakipiga. Umenielewa?"

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa na mwezi mzima wa kutazama lile bega, nilikuwa na maneno ya nahodha wa Kigenia, na sentensi moja tu ingetosha. Lakini nilikuwa nyampara mpya mwenye kanzu mpya. Nikasema, "Ndiyo, Mwinyi."

Nilimwambia Asumani asubuhi ya mashindano kwamba hatasimama kiunoni. Alikuwa amekaa ufukweni akilipaka kafi lake mawese, kama tulivyofanya sote kabla ya safari kubwa, ili mti usinywe maji. Hakuacha kupaka.

"Nani anasimama pahali pangu?"

"Kijana wa hapa Mikelenge, yaya. Ana nguvu sana."

Alimaliza upande mmoja wa bapa, akageuza upande wa pili.

"Umwambie alaze mbele ya kugeuka. Si nyuma. Akingoja mutumbwi ulale, amechelewa."

Ndiyo maneno yote aliyosema. Nilimfikishia yule mwenzetu mpya, naye akacheka. "Nyampara, weye njo unataka fundi kanzu aniimbe mie pia?" Nami nikacheka pamoja naye. Hicho kicheko changu nakikumbuka mpaka leo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile.

Tulikwenda vizuri mpaka kisiwani. Tukizunguka kisiwa, upepo ukageuka na watu wa tezi wakaanza kuchelewa, kidogo kidogo, kila pigo nyuma ya pigo. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Hata hivyo wenzetu wa Kasuku walikuwa nyuma yetu, na bandari tuliiona, imejaa kanzu nyeupe na vitambaa, Mwinyi katikati amekaa kitini. Feruzi alirusha kafi lake, watu wakalipuka kwa vigelegele. Tukageuka.

Mkondo ulitupiga ubavuni. Nikaona yule wa kiuno anachimba maji kwa nguvu zake zote, kifua mbele, uso umeelekea watu. Sikuwahi kumwona mtu akipiga kafi kwa juhudi kama ile. Mtumbwi ukalala taratibu, bila haraka, kama mtu anayejigeuza kitandani, na sote thelathini, na ngoma, na nahodha, tukaingia majini mbele ya Kindu nzima. Hakuna aliyekufa. Tulitoka tukitambaa kwenye matope, miguuni pa Mwinyi, wenzetu wa Kasuku wakatupita wakiimba.

Kisha fundi wa kanzu akasema kwa sauti kubwa:

"Asumani iko wapi? Juu ya nini wamemutosha Asumani?"

Na wote wakaitikia: ndiyo, kwa nini ameondolewa? Kumbe kila mtu alikuwa akijua siku zote. Kumbe hakuna aliyewahi kucheka. Mama Sikujua aliniangalia nikikamua kanzu yangu, akainama, akaendelea kupanga vyungu.

Asumani hakuwapo. Hakungoja hata ngoma ya kuanzia. Jirani zake waliniambia amefunga mizigo na mkewe, wamekwenda Kailo, kwa wakwe zake. Sikukuu ilipokwisha nikamfuata kwa miguu, siku mbili msituni, nikiyapanga maneno njiani. Nilimkuta shambani anapanda migomba. Alinikaribisha, mkewe akanipa maji, tukakaa kizingitini.

"Yaya, rudi," nilimwambia. "Bandari yote inakuita. Hata fundi kanzu. Mwinyi mwenyewe amenituma."

"Mikono yangu imekwisha kuzoea jembe."

"Kwa siku hizi chache?"

Akatabasamu. Nikamweleza kila kitu: kisiwa, upepo, mtumbwi kulala. Nikamwambia na maneno ya nahodha wa Kigenia, niliyokuwa nimekaa nayo muda wote ule. Alisikiliza akitazama miguu yake yenye udongo.

"Wale wa bandari sina neno nao," alisema. "Wao walikuwa mbali. Hawakuona. Lakini weye ulikuwa nyuma yangu, mudogo wangu. Weye uliona."

Alinisindikiza hadi njia panda, akanipa mkungu wa ndizi nibebe, na akaniaga vizuri kabisa, kama mtu anavyomuaga mgeni.

Nilipiga kafi miaka mingi baada ya hapo. Vita vilikuja, mabwana wa pwani wakaondoka, wengine wakaja na bendera yao, na mitumbwi ikaendelea kupanda na kushuka kwa sababu mizigo haina bwana wa kudumu. Niliwafundisha watu wengi kulaza kafi. Nilikuwa nyampara mkali kwa jambo hilo: mtu akimcheka wa kiuno, nilimweka yeye kiunoni mpaka anyamaze. Baadhi yao walikuwa hodari sana. Lakini kila asubuhi tulipoanza safari, kabla ya ngoma, macho yangu yalikwenda yenyewe kulitafuta lile bega. Nimemkumbuka Asumani kwa hamu kuliko nilivyowakumbuka ndugu zangu wa tumbo moja. Mara nyingi nilisema kiangazi hiki nitakwenda Kailo, na kiangazi kikapita. Nilikuwa naogopa kuagwa vizuri mara ya pili. Kisha mtu wa huko akaja kuuza mpunga, akatuambia kwamba Asumani amezikwa tangu mvua zilizopita.

Mimi niliacha kazi msimu huohuo. Magoti yalikuwa yamekataa. Siku ya mwisho tulifika bandarini adhuhuri, watu wamejaa kama kawaida, na kila mmoja akagonga kwa zamu yake. Zamu yangu ilipofika niligonga mara tatu, wakaniita kwa jina langu la sifa, wakapiga vigelegele vya kumuaga mzee.

Nami sikushusha kafi. Nikagonga tena: mara mbili kwa nguvu, na ya tatu taratibu.

Vijana wakacheka. Walidhani mzee amesahau kwamba amekwisha kugonga. Lakini kutoka upande wa vyungu, Mama Sikujua, ambaye macho yake hayakuona tena hata maji yaliyo mbele yake, aliinua kichwa.

"Asumani!" aliita.

Na kwa kuwa yeye ameita, watu wa bandari wakaitikia wote, hata wasiomjua, mara moja, kwa sauti kubwa: Asumani. Nilisimama na kafi langu mkononi, nikisikiliza. Kailo alikozikwa ni mwendo wa siku mbili kutoka mtoni, na sauti haifiki huko.