Marehemu wa Ukutani

Mume wangu aliinunua picha ile Beltsville, huku Marekani, kwenye nyumba ya marehemu mmoja ambaye watoto wake walikuwa wanauza kila kitu hadi vijiko. Ni picha ya zamani kweli, imepauka ikawa rangi ya chai ya maziwa. Inaonyesha ndani ya baa: kaunta ndefu, kioo kikubwa, chupa zimepangwa mpaka darini, na wanaume wenye masharubu wameegemea kaunta. Kona ya nyuma kasimama mwanamume mweusi, taulo begani, na ni yeye peke yake anayetazama kamera. Mume wangu akaitundika sebuleni juu ya kochi. Nikamwambia ukuta wa sebuleni ni wa ndugu, akanijibu kwamba mimi sijui sanaa. Haya.

Kisha mama yangu akaja kutoka Tanga kwa ajili ya uzazi wangu wa kwanza. Siku aliyofika, hata baibui hajavua, akasimama mbele ya ukuta akauliza, "Hawa ni wa upande gani?" Kwetu aliyetundikwa ukutani ni wa ukoo au ni rais. Mume wangu, ambaye mbele ya mama mkwe hata neno bia halimtoki, akazitazama zile chupa, akasema ni duka la dawa la zamani. Mimi nikakimbilia jikoni kucheka.

Lakini Germantown, tunakoishi, ilimshinda mama. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na hakuna anayepiga hodi. Asubuhi sisi tunawasha gari, jioni tunarudi tumechoka, na yeye siku nzima anazungumza na friji. Nami nilikuwa najitia hodari: kliniki naenda mwenyewe, kitanda cha mtoto nimenunua mwenyewe, mambo ya mimba nayasoma kwenye simu. Siku moja akaniambia anataka kurudi, maana haoni kazi yake hapa. Roho ilinipasuka. Nilikuwa naogopa kuzaa hadi nalia bafuni, lakini kiburi ni maradhi. Nikamjibu, "Sawa mama, upendavyo."

Kesho yake nikamkuta anamtazama yule wa taulo. Akasema huyu mtu ana kwao, sijui watu wake wanajua kama yuko hapa. Nikadakia hapo hapo: tumtafutie kwao kwanza, mama, halafu ndiyo uondoke. Akakubali.

Tulipoitoa picha kwenye fremu tukakuta nyuma muhuri wa mpiga picha, nusu umechanika, limebaki jina la mtaa mmoja wa Washington. Tukaipeleka maktaba. Mama mmoja wa Kizungu anayetunza kumbukumbu za zamani akaikagua kwa lenzi, akafurahi utadhani tumemletea pilau, akatoa nakala, akaturudishia yetu, akaomba tumpe muda. Mama yangu akamwuliza kama wazazi wake hawajambo, akaniamuru nitafsiri.

Basi, mama akaona maktaba inachelewa. Nilikuwa nimemuunga kwenye grupu la Waswahili wa huku, asikie sauti za watu. Akampiga picha yule wa taulo pale ukutani, akamkuza uso, akaituma kwenye grupu bila neno hata moja, maana kuandika kwenye simu hajui. Sasa, kwenye grupu letu, picha ya mzee isiyo na rangi, isiyo na maelezo, ina maana moja tu.

Nilikuwa kazini Herndon simu ilipoanza kutetemeka. Innalillahi. Poleni wafiwa. Mkongo mmoja akaandika courage, mama, yaani jipe moyo. Nampigia mama, hapokei. Njia nzima nilikuwa nahesabu wazee wetu, nani kafa bila mimi kuambiwa.

Nafika, viatu vimejaa mlangoni. Sebuleni watu wa pwani wamekaa chini wanasoma Yasini. Jikoni Wakenya wanaimba tenzi huku wanapasha moto chapati. Mama yuko katikati, kajifunga kanga, anapokea pole.

"Mama, kafa nani?"

"Sijui. Watu wamekuja, ningewafukuza?"

Mama mmoja wa Kikenya, anayekaa mtaa wa pili na hatujawahi hata kusalimiana, akauliza kwa upole marehemu ni nani. Mama akaonyesha ukutani. Yule mama akasogea, akatazama, akageuka. "Lakini mum, hii si ni bar?"

Mume wangu akawa anakagua zulia.

"Mkwe wangu amesema ni duka la dawa," mama akasema. "Basi ni duka la dawa."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini upya. Hakuna aliyebeba chakula chake kurudi nacho. Tangu siku ile hodi haikukatika, na mama akawa na ziara nyingi za kulipa kuliko mimi.

Wiki mbili baadaye maktaba wakapiga simu. Ile ilikuwa baa kweli, na mahali pake leo pana jengo la ofisi. Mwenye baa wamempata jina. Wa taulo hajulikani. Nilikaa garini na jibu hilo, nikatamani nilimeze, kwa sababu ahadi yetu ilikuwa jibu kisha safari. Nikaingia nikamwambia.

"Basi angalau amesomewa," mama akasema, "na kuimbiwa." Akainuka, akaenda chumbani, nikasikia anaburuta begi.

Nikamfuata na tumbo langu. Uhodari wote ukaniishia mlangoni.

"Mama, usiondoke. Naogopa."

Akaniachia nafasi kitandani nikakaa, akanifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Tangu nimefika nangoja uniambie hivyo," akasema. "Umenizungusha mpaka maktaba za watu, kumbe ni hilo tu."

Akalirudisha begi mvunguni kwa mguu, akaniuliza kliniki ni lini, maana tunakwenda wote.