Tulipimwa, Tukaonekana Tayari

Mwaka walipokuja wageni wa kupima utayari wetu, mimi nilikuwa afisa wa kufuatilia magonjwa mjini Isiolo. Kila wiki nilipokea habari za zahanati zote za upande wetu: nani wameharisha, nani kaumwa na mbwa, wapi mbuzi wametupa mimba na watu wakala nyama. Ugatuzi ulikuwa bado mchanga. Afisi yetu ilinuka rangi mpya, vyeo navyo vilikuwa vipya, na kila mmoja wetu alitamani kaunti hii, iliyozoea kutajwa tu inapotajwa njaa na wizi wa mifugo, isikike kwa jambo jema.

Wageni walikuwa wakizunguka nchi wakiuliza swali moja: ugonjwa wa kuambukiza ukizuka kesho, mtaweza? Walikuwa wamelikata vipande vidogo vidogo wakavipanga katika dodoso nene, na kila jibu lilikuwa na alama yake. Mkubwa wangu alinipa dodoso hilo siku chache kabla, nilijaze kwa penseli.

Nililijaza kwa uaminifu. Chumba cha kutenga wagonjwa: hakuna, kwa sababu kilichokuwepo kilijaa vitanda vilivyovunjika. Usafiri wa kupeleka sampuli maabara: hakuna. Nilipomaliza, ukurasa baada ya ukurasa ulisema hakuna.

Mkubwa akaniita. Hakunigombeza, alikuwa mtu mpole, Mmeru kama mimi, na tulikuwa tukisali kanisa moja. Aliweka kidole penye swali la sampuli, akaniuliza kama zahanati ile ya mbele ya Merti haina pikipiki.

"Iko," nikasema, "lakini haijaona mafuta tangu mvua ya mwaka jana."

"Swali haliulizi mafuta. Linauliza kama iko."

Nikachukua kifutio. Chumba kilikuwepo, nikaandika ndiyo. Pikipiki ilikuwepo, ndiyo. Wahudumu wa kujitolea waliofunzwa walikuwepo, maana niliwafunza mimi mwenyewe, nusu siku, chini ya hema. Hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo, na ndiyo maana mpaka leo sijui niungame nini.

Wageni walikuwa watu wa adabu. Hawakupita mwisho wa lami, kwa kuwa barabara ya Merti ilikuwa imekatika, lakini waliomba kuona karatasi za pikipiki nikawaonyesha. Alama zetu ziliposomwa ukumbini tulipigiwa makofi. Nami nilipiga, nikala nyama siku hiyo kwa raha.

Mvua za vuli zilizofuata zilikuwa kubwa. Asubuhi moja nilipigiwa simu na muuguzi wa zahanati ile, muuguzi pekee waliyekuwa naye, msichana Mborana mzaliwa wa Kinna. Ili apate mtandao alilazimika kupanda kilima, na nilimsikia akihema.

"Afisa, ni watu wanne tangu jana. Choo chao ni kama maji ya mchele."

Sote wawili tulijua ni kipindupindu. Aliomba dripu na dawa ya kutibu maji. Nikamweleza utaratibu, ambao aliujua: akiba ya dharura haifunguliwi bila jibu la maabara. Akasema sampuli ameshachukua. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Niitume na nini?"

Mimi ndiye niliyeandika kwamba inaweza kutumwa. Nikamwambia atafute lori la mbuzi linalokuja sokoni.

Lori lilizama matopeni siku mbili. Dereva aliponikabidhi kisanduku, barafu ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu, na maabara wakasema sampuli haifai, ije nyingine. Nilikwenda kwa mkubwa nikamsihi. Alipiga simu huku na huku, kila mtu akimjibu kwamba hawezi kutia sahihi bila jibu.

"Lakini tunajua ni nini," nikamwambia.

"Najua kwamba tunajua," akasema, akageukia dirishani.

Kila siku muuguzi alipanda kilima akanipa habari. Mara nyingi alimtaja mhudumu mmoja wa kujitolea, mama mtu mzima, mmoja wa wale wa hemani, niliyempa cheti nikakosa glovu za kumpa. Alikuwa akizunguka boma hadi boma na mtungi wa maji ya chumvi na sukari, akiwanywesha watu kwa kijiko. Siku ya tano akaanguka yeye. Dripu zilikuwa zimebaki mbili. Muuguzi akamtundikia moja, nyingine akampa mama aliyekuwa akinyonyesha. Sampuli ya pili ilipata jibu siku ya nane, asubuhi. Yule mhudumu alifariki siku hiyohiyo, alasiri. Dripu zilifika kesho yake, nami nikiwa nazo, katika gari la kuazima.

Nilikwenda kutoa pole. Mumewe aliitikia salaam aleikum yangu, akanikalisha, akaagiza chai. Kisha akaingia ndani akatoka na kile cheti, kimefungwa kwa nailoni, sahihi yangu chini.

"Daktari," akasema, "alikosea wapi?"

Sikumwelewa mara moja. Alidhani kuna somo mke wake alilishika vibaya, na kwamba mimi niliyemfunza ningelijua. Nikamwambia hakukosea popote. Akanitazama muda mrefu akangoja, nami ningeweza kumwambia habari za dodoso. Nilikunywa chai.

Ugonjwa ulipoisha niliandika ripoti, muuguzi akaisoma mpaka mwisho, akasema imeandikwa vizuri, akatia sahihi. Wiki hiyo hiyo akaomba uhamisho. Wageni waliporudi, dodoso lilikuwa limeongezwa swali: je, kaunti imewahi kukabiliana na mlipuko na kuuwekea kumbukumbu? Niliandika ndiyo. Alama zetu zikapanda, na mkubwa akapandishwa cheo.

Muuguzi hakuhamishwa, aliacha kazi mwenyewe. Nilikutana naye Kinna, miaka miwili baadaye, sokoni, akiuza vitunguu vya shamba la baba yake. Alinisalimu vizuri, akaniulizia watoto, tukazungumza juu ya mvua. Nilipoaga akauliza kama zahanati ile imepata muuguzi mwingine.

"Bado," nikamwambia. "Imefungwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanga vitunguu vyake.