Fimbo ya Michembe

Juzi nilikuwa hospitalini Shinyanga mjini, shangazi yangu alipoingizwa kwenye upasuaji wa macho. Kwenye mabenchi ya korido sote tuliinamia simu, isipokuwa mumewe. Yeye alikaa wima, mkongojo mapajani, macho mlangoni. Nikacheka peke yangu, maana kusubiri kwa namna ile nilishuhudia akifundishwa, na walimu wake walikuwa mbuzi.

Wewe hukumfahamu bibi yangu, kwa hiyo nikueleze. Nyumbani kwake, upande wa Maganzo, viazi vitamu vikishavunwa vilikatwa vipande na kuanikwa juu ya jabali nyuma ya nyumba, vikauke viwe michembe. Jabali zima lilikuwa jeupe, na harufu yake tamu ilifika mpaka njiani. Michembe hiyo, ikichemshwa na kuliwa na karanga, ndiyo iliyotuvusha kiangazi, na mbuzi wa jirani waliijua thamani yake kuliko sisi. Basi bibi alikuwa na sheria: kwake hakuna anayesubiri mikono mitupu. Ukimkuta ana shughuli atakwambia "Lindila," yaani subiri kwa Kisukuma, kisha anakukabidhi fimbo na kukuonyesha jabali. Nimemwona mchungaji wa kanisa akifukuza kuku pale. Nimemwona dalali wa almasi, mwenye viatu vya kung'aa, akiwarushia mbuzi mabonge ya udongo huku akimwomba Mungu wateja wake wasipite.

Ndipo akaja mwalimu wetu wa Kiingereza, kijana wa Tanga, aliyempenda shangazi hadi akaanza kutuita sisi wanafunzi kwa jina lake. Siku hiyo alikuja kujieleza kwa bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lindila, baba." Akampa fimbo, akaenda kisimani.

Shangazi alichungulia dirishani huku ameuma pindo la kanga. Mwalimu akaiegemeza fimbo kwenye jabali, akatoa kitabu mfukoni, akasoma. Bibi aliporudi mbuzi walikuwa wanamalizia kona ya mwisho, na mmoja anatafuna kofia ya mwalimu.

"Mwanangu haolewi na mtu asiyejua kusubiri," bibi akasema. Jioni hiyo shangazi alilia mpaka ugali ukaungua, nasi tukaula hivyo hivyo.

Jumatatu mwalimu aliingia darasani macho mekundu, amekumbatia kamusi nene. Akaandika ubaoni *wait*. Akatueleza kwamba neno hilo, kabla ya kuwa kusubiri, kwa Waingereza wa kale lilikuwa na maana ya kulinda, kukaa macho kama askari wa lindo. Alieleza yote hayo akinitazama mimi tu, kisha akasema, "Somo hili lifike nyumbani."

Nikalifikisha. Bibi alisikiliza huku anapepeta karanga, akauweka ungo chini.

"Kumbe Wazungu wa zamani nao walikuwa na mbuzi," akasema. "Mwambie arudi Jumamosi."

Alirudi. Alilizunguka jabali mchana kutwa bila kukaa, akafukuza mbuzi, akafukuza kuku, akafukuza na wazee waliotumwa na yule dalali kuja kuposa. Bibi alijifanya hakuona. Kabla ya mavuno mengine shangazi alikuwa ameolewa.

Leo bibi hayupo. Jabali limepasuliwa likawa kokoto, na michembe naikuta sokoni imefungwa kwenye vipakiti, haina ladha ya kupiganiwa. Siku hizi ukiambiwa subiri, unainamisha kichwa tu mpaka uitwe. Mimi pia, na naona haya kusema nimekosa mengi hivyo.

Pale koridoni nilimsihi mzee aende akanywe chai, nitamwita wakimaliza. Akatikisa kichwa, macho palepale mlangoni.

"Siku ile niliyoinamisha macho, mwanangu, nusura nimkose."

Nikaizima simu, nikaungana naye kuulinda mlango.