Sukuma Wiki ya Mama Tito

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa kikombe cha chai nikaambiwa nisithubutu kukinywa. Nilikuwa fundi wa viatu Shauri Moyo, mtu mzima mwenye watoto, na rafiki yangu alikuwa amenipeleka kwenye nyumba moja mtaani walimokuwa wakipiga picha za tamthilia ya televisheni. Mwongozaji wa wakati ule, mzee mnene asiyecheka, alinisimamisha mbele ya meza.

"Mwigizaji amekunywa hadi wapi?" akaniuliza.

"Nusu."

"Nusu ya wapi? Kesho tunaendelea na mazungumzo haya haya. Chai ikipanda yenyewe, watu watatucheka."

Kazi hiyo huitwa kontinuiti. Ninyi mkitazama tamthilia mnadhani tuliipiga kama mnavyoiona, hili likifuata lile. La hasha! Jumanne tunaweza kupiga mazishi, na Alhamisi ndipo mtu afe, kwa sababu nyumba imepatikana leo na mwigizaji fulani ana nafasi kesho kutwa. Lazima awepo mtu wa kukumbuka leso ilifungwa vipi na mshumaa ulibaki urefu gani. Zamani nilitumia daftari, baadaye simu. Baada ya kila teki, yaani kila mara kipande kinapopigwa, mwongozaji huniuliza kama tuko sawa, na nikisema hatuko sawa, kinarudiwa. Kazi hiyo yataka mtu wa wasiwasi, na wasiwasi mimi nilizaliwa nao. Mke wangu husema nikitoka nyumbani huwa nimeshika kufuli mara tatu.

Nilihudumu chini ya waongozaji wanne. Tulipiga Shauri Moyo, tukahamia karibu na Mukuru kwa Reuben, ambako king'ora cha kiwanda kilituharibia maneno kila mchana, kisha tukapanga nyumba Mathare. Huko Mathare ndiko nilikomwona Felista akifanya jambo ambalo sijaona mwigizaji mwingine akilifanya, na ndiko nilikodanganya kazini kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Felista aliigiza Mama Tito, mama wa mtaani ambaye mwanawe wa pekee hufanya kibarua kiwandani. Felista mwenyewe alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mpole, mwenye goti bovu. Bosi wetu mkuu, mtayarishaji tuliyemwita Madam, alikuwa ameanza kusema kwamba Mama Tito anachosha watu, na kwamba baada ya kifo cha Tito hana haja naye tena. Angetazama onyesho la Mama Tito akipewa habari, halafu aamue. Felista alinijia asubuhi ya kulipiga onyesho hilo, nikimpangia meza.

"Barasa ndugu yangu," akasema, "nikitolewa hapa, nani mwingine atamchukua nyanya mwenye goti bovu? Na wale wajukuu wawili wananitegemea mimi."

"Utafanya vizuri, dada."

"Teki ya kwanza tu. Unanijua. Ya pili huwa naigiza kama mtu anayesoma tangazo."

Ilikuwa kweli, sote tulimjua hivyo. Nikazidi kuogopa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Jumanne tulikuwa tumekwisha kupiga kipande kinachofuata, pale majirani wanapoingia na kumkuta Mama Tito ameketi sakafuni. Mezani palikuwa na fungu la sukuma wiki, zima, halijaguswa na kisu. Picha yake nilikuwa nayo kwenye simu. Alhamisi tukapiga kile cha kabla yake. Skripti ilisema rafiki wa Tito anaingia, anatoa habari, Mama Tito anaangusha kisu, anapiga mayowe, anaanguka. Sukuma haikatwi.

Rafiki akaingia, akasema, "Mama, Tito hayuko tena."

Felista hakuangusha kisu. Alimtazama yule kijana, akarudisha macho kwenye mboga, akaanza kukata. Alikata nyembamba, jani kwa jani, jinsi mama yeyote wa huku hukata jioni. Mwongozaji wetu, mmoja wa hawa vijana wa siku hizi, aliinua mkono kusimamisha, akaushusha. Felista alikata lile fungu hadi likaisha. Akafagilia mboga kwenye sufuria kwa upande wa kiganja. Ndipo akamwuliza yule kijana, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na wewe umekula?"

Kisha akaketi sakafuni polepole.

Nimeona waigizaji wengi wakilia. Wengine hulia machozi hadi unataka kuwapa leso. Lakini yule mama alinifanya nimkumbuke mama yangu mzazi, na machozi yakanitoka. Mpiga kamera alikuwa anajifuta macho kwa bega. Na papo hapo, hata machozi hayajanikauka, nikaiona ile sukuma kwenye sufuria, yote imekatwa, nikakumbuka ya Jumanne ni nzima.

"Mzee, tuko sawa?" mwongozaji akaniuliza.

Felista bado alikuwa sakafuni, ananitazama. Nikisema la, tunarudia, na teki ya pili anaisoma kama tangazo, na Madam anamtoa. Nikisema ndiyo, nimekula kiapo cha uongo kwa kazi iliyonilishia watoto.

"Tuko sawa," nikasema.

Siku nne sikula vizuri. Simu ikilia naruka. Siku ya tano mhariri, yule anayeunganisha vipande, akaliona kosa, na Madam akaniita ofisini.

"Uliona?" akaniuliza.

"Niliona, Madam."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Asingeweza kurudia vile."

Hakunifokea, na hilo lilinitia hofu zaidi. Akacheza lile onyesho kwenye kompyuta yake mara mbili. Kipande cha Jumanne hakikuweza kupigwa upya, ile nyumba ilikuwa imepata wapangaji.

"Itarushwa hivyo hivyo," akasema mwishowe. "Kama Felista amewashika watu, hawataangalia mboga. Wakiangalia mboga, basi hakuwashika, na mtaondoka wote wawili. Nitasikiliza watu watasema nini."

Siku ya kurushwa nilitazama nyumbani kwa Mama Wambui, jirani yangu, chumba kimejaa majirani wanaofuata ile tamthilia. Laiti ningechagua nyumba nyingine! Mama Wambui huuza mboga soko la Gikomba, na sukuma anaijua kuliko mimi ninavyoijua ngozi ya kiatu. Felista akaanza kukata. Alipouliza "Na wewe umekula?" mama mmoja nyuma yangu akasema "Ai, Mungu wangu" kwa sauti ndogo. Kisha kikaja kile kipande cha Jumanne, majirani wanaingia, na lile fungu hilo hapo mezani, zima, kijani, kubwa kuliko nilivyolikumbuka.

Mama Wambui akainama mbele. "Hiyo sukuma," akasema, "si alikuwa ameimaliza kukata?"

Nilitaka sakafu inimeze. Nikaona Felista anarudi kwa wale wajukuu wake na begi lake la nguo za kuigizia, na ni mimi niliyemponza.

"Ndiyo," nikasema. Sikuweza kumdanganya na yeye. "Alikuwa ameimaliza."

Mama Wambui akanigeukia, macho yamejaa machozi, akanishangaa kama mtu asiyejua desturi.

"Sasa Baba Nekesa, huoni hao majirani wameingia? Ni wao wamemletea nyingine. Ulitaka kwenye msiba waende mikono mitupu?"

Wengine wakaitikia, "Eeh, wamemletea," na wakaendelea kulia.

Felista aliigiza Mama Tito hadi mwaka niliostaafu, na bado yumo. Vijana wanaoanza kazi ile hunijia kuuliza siri yake. Huwaambia waangalie kila kitu na waseme kila wanachoona, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ilivyo haki. Siwaambii kwamba nilipotoka kwa Mama Wambui jioni ile nilisimama mlangoni kwangu, ufunguo mkononi, nikimlilia Tito, kijana ambaye hakuwahi kuzaliwa.